Nyundo Yenye Mwezi

Wajukuu zangu niliwategea kitendawili hiki tangu wakiwa wa kubebwa mgongoni: darini kwangu misumari imejaa na hakuna hata mmoja unaonichoma. Jibu ni nyota. Mwaka huu jibu liliniharibikia, kwa sababu dari yangu ilijaa vyuma, na kimoja kilianza kunichoma.

Nilikuwa ndani ya eda ya mume wangu Twalibu, fundi wa springi za makamyo hapa Buyenzi. Anayejua eda anajua: nguo nyeupe, hakuna wanja wala udi, hakuna kuvuka mlango bila dharura mpaka miezi yake itimie. Twalibu alirudi kutoka garaje baada ya alasiri, anatembea kwa miguu yake, akasema kifua kimechoka. Akaomba maji. Nilipotoka jikoni na kikombe alikuwa ameegemea ukuta wa uani kama mtu anayesikiliza redio, na hakukipokea. Watu wakasema ni moyo, na mimi nikasema ni moyo, umri ulikuwa umemfikia. Siku ya kumwosha mimi ndiye niliyemwaga maji, maana mke anaruhusiwa, nikaona chini ya mtulinga wake alama ndogo kama mbegu ya tikiti, imekauka. Mwosha akapita nayo kwa kitambaa. Mwili wa fundi una alama nyingi, ukizihoji zote maiti atachelewa kaburini.

Basi nikakaa ndani. Chumba changu kikawa chumba pekee cha nyumba ambacho watu hawapiti ovyo, na kwa hiyo Houda, mtoto wa kwanza wa mwanangu Moubarak, akafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye kabati ili aanike picha zake. Houda anasomea sanaa. Mama mmoja wa mtaa wa Kibenga mwenye ukumbi wa maonyesho, anaitwa Huguette, alikuwa amemwahidi ukuta mzima, ila akamwambia alete kitu cha kwao, machweo ya ziwa ameyachoka. Houda akachagua vyombo vya babu yake.

Havichori. Anachukua chombo chenyewe, anakisafisha kwa petroli, anakipaka wino mweusi kwa rola, analaza karatasi juu yake, kisha anasugua mgongo wa karatasi kwa mwiko wangu wa ugali. Akiinua karatasi, koleo limebaki pale na meno yake yote, na kila mkwaruzo wa miaka umeandikwa. Mwiko ule haukurudi jikoni tena. Anazibana karatasi kwa vibano vya nguo juu ya kitanda changu, na mimi nalala chini ya spana, tupa, misumeno na koleo, vyeusi, vimetulia, kama vinangoja mtu wa kuvishika.

Kila fundi wa Buyenzi hugonga alama yake kwenye vyombo, visije vikachanganyika na vya jirani. Alama ya Twalibu ni mwezi mwandamo unaotazama kulia. Jirani wa ng'ambo ya barabara naye ana mwezi, wake unatazama kushoto, na wazee hao wawili walitaniana kwa ajili ya miezi hiyo mpaka mmoja akafa. Kwa hiyo Houda alipoanika picha ya kwanza nilicheka.

"Mjukuu, umeiba spana ya jirani. Mwezi huu unatazama kwao."

"Apana, Bibi. Chapa ni kioo. Kulia inakuwa kushoto."

"Kumbe ukinichapa mimi nitakuwa nakula kwa mkono wa kushoto."

"Utakuwa mtu wa kutafutwa na masheikhe," akasema, tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Sasa niseme habari ya reli. Mbele ya garaje kinaning'inia kipande cha reli kwa mnyororo. Kila asubuhi Twalibu aliipiga kwa nyundo yake kubwa, pigo moja tu, na ndipo kazi inaanza. Hilo aliliita kusalimia. Reli inaimba, nyundo inajibu kwa sauti yake nyembamba, na akinamama wa mtaa walikuwa wanateremsha chai motoni kwa sauti ile. Nyundo ikiwa nzima, alisema, utaijua kwa jibu lake. Lakini baba akifa, salamu inanyamaza mpaka mjane atoke eda. Ndiyo heshima. Na heshima ya pili ni hii: nyundo ya marehemu hailali. Mrithi anaishika kesho yake na anafanya nayo kazi eda yote, maana ikilala riziki inalala nayo. Twalibu alimfanyia hivyo baba yake. Moubarak naye alikuwa anamfanyia Twalibu. Nyundo ikawa inapiga kutwa nzima kwenye pini zilizoganda ndani ya springi, mahali ambapo chuma kimebanwa na sauti inafia humo humo, wala hakuna aliyeisikia ikijibu.

Ijumaa garaje inafungwa kwa ajili ya sala. Ijumaa moja Houda akaileta nyundo nyumbani, ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaichapa ubavuni, upande wenye mwezi.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Kichwa kizito cheusi, mwezi mweupe, mpini ukishuka. Ila pembeni, kwenye ukingo wa uso wa kupigia, palikuwa na pengo dogo jeupe. Na kutoka kwenye pengo ulianza mstari mwembamba, mweupe, ukielekea kwenye mwezi.

"Ni unywele," akasema Houda. "Umeingia chini ya karatasi."

Akarudia. Mstari ukawa pale pale. Akaifuta nyundo kwa petroli mpaka ikang'aa, akaiacha juani, akapaka wino tena ubavu wote isipokuwa sehemu ile, kujaribu tu. Karatasi ilipoinuka mstari ulikuwepo, safari hii mweusi. Mikwaruzo mingine yote ilikuwa imenyamaza. Huu ulikuwa unatema wino uliokunywa.

Houda alikaa kwenye mkeka akiutazama. "Bibi, mkwaruzo hauna tumbo. Huu una tumbo."

"Mwambie baba yako."

Akamwambia. Moubarak alikuja jioni kunisalimia kama kawaida yake, akavua viatu, akatazama picha kwa mbali huku anakula.

"Mama, hiyo nyundo imevunja mafundi, si mafundi wameivunja."

"Moubarak, ina ufa."

"Ina ufa kwenye karatasi. Mimi nafanya kazi na chuma."

"Karatasi haijui kudanganya mwanangu, haikusoma."

"Na mimi niliyesoma je?" Akacheka, akanawa mikono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikiiweka chini sasa, mtaa mzima watasema Moubarak amemzika baba yake mara mbili. Ngoja utoke eda, Mama. Siku hiyo nitaisalimia reli, na ikijibu vibaya nitanunua nyingine."

Sheria ile mimi ndiye niliyemfundisha.

Huguette alikuja kunipa pole, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kimya, akasimama chini ya kamba muda mrefu. Alipofika kwenye nyundo akashika kifua.

"Houda, mstari huu," akasema. "Usiuguse. Huu ndio unaoifanya picha iwe hai. Nataka nyundo hii peke yake, nakala nyingi, kila moja mstari wake."

Kwa hiyo kila Ijumaa nyundo ikaja nyumbani na kila Ijumaa ikachapwa, na Houda akazianika zikifuatana, kutoka dirishani kuja kabatini. Nilizitazama nikiwa nimelala chali na tasbihi mkononi. Mstari ulikuwa unatembea. Kwenye picha ya dirishani ulikuwa mfupi kama kope. Kwenye iliyofuata ulikuwa umevuka urefu wa ukucha. Kwenye ile iliyo karibu na kabati ulikuwa umegusa ncha ya mwezi.

Pengo lenyewe halikukua. Lilikaa vile vile, kila picha, dogo, jeupe, limechongoka upande mmoja. Nilikuwa nimeliona mahali fulani na sijui wapi, kama uso wa mtu uliyekutana naye msibani. Siku moja Houda aliniletea kipande cha tikiti. Nikala, nikatema mbegu kwenye kiganja, nikainua macho kwenye kamba.

Nilisimama juu ya kitanda, mwanamke wa umri wangu, nikaibandika ile mbegu kwenye pengo la picha. Ikaenea.

Kitendawili, nikajiambia, na sikuwa na mtu wa kunijibu tega. Mgeni aliingia kwa mume wangu bila kupiga hodi, akazikwa naye.

Ilikuwa Ijumaa, na watu walikuwa wanatoka msikitini. Houda alikuwa ameondoka kwenda kuichukua nyundo. Nilimsikia akirudi mapema mno, na miguu yake ilikuwa myepesi. Hakubeba kitu.

"Wamefungua leo, Bibi. Kuna kamyo ya Uvira, pini imeganda, mwenyewe anataka kuvuka mpaka kabla haujafungwa. Baba amesema nyundo itakuja kesho."

"Nani anapiga?"

"Fortunat."

"Na nani anashika chuma?"

Akanitazama. "Baba."

Pini ikiganda, mmoja anashika chuma cha kusukumia kwa koleo, ameinama, uso karibu na kazi. Mwingine anasimama juu yake na nyundo. Twalibu alipenda kushika mwenyewe. Alisema mkono wa kushika ndio wenye akili.

Nikajifunga khanga yangu nyeupe kichwani.

"Bibi, eda."

"Chukua picha ya mwisho, ile ya karibu na kabati. Twende."

Sikuwahi kuiona barabara yetu ikininyamazia vile. Waliozoea kuniita Mama Moubarak waligeuza nyuso wasije wakaniona, kwa heshima, au kwa aibu yangu. Muuza vidagaa vya sambaza aliacha kupepea inzi. Nilikuwa nasikia kwa mbali mapigo ya nyundo, mazito, bila sauti nyuma yake, na kwa kila pigo nilimhesabia mwanangu pumzi.

Tulipofika, Fortunat alikuwa amevua shati. Ni kijana wa Uvira, mkristo, mwenye maneno mengi, aliyefundishwa kazi na Twalibu mwenyewe. Moubarak alikuwa amepiga goti chini ya bodi ya kamyo, koleo mkononi, na shingo yake ilikuwa wazi.

"Acheni," nikasema.

Nyundo ikabaki juu. Fortunat akaishusha taratibu mpaka chini. "Mama, nani amekufa?"

"Bado."

Moubarak akainuka, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira na haya. "Mama, rudi nyumbani. Watu wanatazama. Kwa sababu ya karatasi?"

Nilimnyang'anya koleo, nikakaa chini kwenye mchanga wenye oili na khanga yangu nyeupe, nikashika kile chuma na kukiweka kwenye pini. Kilikuwa bado cha moto kwa mapigo.

"Mpokee Fortunat nyundo, uishike we mwenyewe," nikamwambia mwanangu. "Kama ni nzima, piga. Mi nimeshika."

Mwenye kamyo, aliyekuwa na haraka yote ile, alizima simu yake. Moubarak aliichukua nyundo. Aliiinua mpaka begani. Nikamwona anaitazama shingo yangu, halafu mkono wangu, halafu ukingo wa nyundo, akaiteremsha.

"Siwezi."

"Unaweza kuinamia wewe, ukashikia. Kwa nini huwezi kumpigia mama yako?"

"Mama, basi."

"Kitendawili, Moubarak."

"Mama."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni aliingia kwa baba yako bila kupiga hodi, akazikwa naye."

"Sijui."

"Nipe mji."

"Mama, mbele ya watu..."

"Nipe mji, mwanangu."

"Chukua Uvira," akasema, karibu kwa kunong'ona, maana ndio mji uliokuwa umeandikwa kwenye mlango wa kamyo mbele ya macho yake.

Nikaichukua Uvira. Nikainuka kwa kumshikilia Houda, nikamwonyesha mwanangu lile pengo kwenye nyundo, kisha nikaweka kidole changu chini ya mtulinga wake mwenyewe, mahali pale pale. Nikamwambia nilichokiona siku ya kumwaga maji. Kipande kiliruka, kikaingia, hakikutoka. Kuruka kwa kipande ndiko kulikoanzisha ufa, au ufa ndio ulioanza, hilo sijui. Najua kwamba alirudi nyumbani nacho kifuani akiomba maji.

Fortunat alikaa juu ya tairi. "Siku ile mi ndiye nilikuwa napiga," akasema. "Alijikuna tu hapa. Akaniambia, mbu wa garaje wana meno."

Mzee wa ng'ambo ya barabara, mwenye mwezi wa kushoto, alikuwa ameshavuka. Ndiye aliyesema reli isalimiwe. Tukajificha wote nyuma ya kamyo, na Fortunat akaipiga reli pole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Reli iliimba. Tukangoja ile sauti nyembamba inayojibu. Kilichokuja ni mtetemo wa chungu chenye ufa, ukakoma upesi. Dirisha moja likafunguka, jingine likafungwa.

"Ivunje leo," nikamwambia Moubarak. "Ipeleke kwa wachomaji ikatwe."

"Nivunje nyundo ya Baba ndani ya eda yake?" Alikuwa analia bila kujificha. "Siku ya kutoka eda nitaizika karibu naye. Kipande kirudi kwa mwenzake." Akaenda ndani, akakitoa kilemba cha baba yake kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari tangu kifo, akaifunga nyundo humo kama anavyofungwa maiti, akailaza kwenye rafu iliyo karibu na mlango. Kazi ya kamyo ile walimalizia kwa nyundo ya kuazima, ya mwezi wa kushoto.

Nilirudi ndani nikiwa na imani kwamba nimemwokoa mwanangu, na nilikuwa nimemwokoa kweli. Nililala chini ya zile picha bila hofu Ijumaa ile, na Jumamosi, na Jumapili.

Jumatatu Moubarak alifungua garaje akakuta kufuli limesokotwa. Hawakuchukua pampu wala betri. Kilemba kilikuwa juu ya rafu, kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Nyundo haikuwemo.

Nyundo za kuibiwa zinauzwa sokoni Jabe. Zinasuguliwa kwa mchanga, zinapakwa oili, na ufa ukinywa oili hauonekani. Tulilijua hilo sote. Basi Houda akachukua zile nakala zote alizomwandalia Huguette, akaacha moja tu kwa ajili ya ukumbi, na chini ya kila moja akaandika kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa: Ukiiona nyundo hii usiipige, itaua. Akazibandika Jabe, kila ukuta wa wauza vyuma. Nilimsifu. Nilimwambia babu yake angemnunulia soda.

Ile nakala ya ukumbi wa Kibenga ilitundikwa na taa yake. Huguette alileta habari kwamba watu wanasimama mbele ya nyundo kuliko picha zote, wanaufuata ule mstari kwa kidole bila kuugusa. Wanasema una utulivu.

Jana Houda alikwenda Jabe kutazama kama karatasi bado zipo. Alirudi akakaa kwenye mkeka wangu na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hajalifanya tangu utoto.

"Kuna muuzaji mmoja ameibandika picha ndani ya kibanda chake kabisa, Bibi. Ameipenda. Nikamwuliza je, ameiona nyundo kama hiyo. Akasema juzi aliuza moja yenye mwezi, nzito, nzuri, imemegeka pembeni."

"Juzi?"

"Akasema aliiweka chini ya picha akailinganisha vizuri, kwa sababu yeye ni mutu wa Mungu. Akaona si yenyewe. Mwezi wa kwenye picha unatazama kushoto na pengo liko kushoto. Ya kwake vyote viko kulia. Akasema hiyo ya picha ni ya yule mzee wa ng'ambo ya barabara yenu, kila mtu anaujua mwezi wake."

Juu yetu kamba ilikuwa tupu, na vibano vya nguo vilikuwa vimening'inia.

"Nilisahau, Bibi," akasema. "Chapa ni kioo. Nilisahau kuwaambia."

"Aliiuza kwa nani?"

"Kijana wa kazi za ujenzi. Alipanda pikipiki, akaelekea Gihosha. Amesema walikuwa wawili, mmoja wa kupiga na mmoja wa kushika."

Houda amekwenda Gihosha asubuhi hii na Moubarak, wanapita jengo kwa jengo. Kule mlimani wanajenga kila mahali. Nimefungua dirisha la upande huo, upepo unaleta nyundo nyingi kwa pamoja, na mimi nimekaa kitandani nasikiliza ile isiyojibu.